Duka la beti la Mwembe Tayari: kadi ya viunzi ni safi, dau la nafasi lipigie hesabu

Sababu ya kwenda kubeti farasi kwenye hili duka la ghorofa ya chini, hatua chache kutoka Mwembe Tayari, Mombasa, ni kadi yao ya mbio, yaani karatasi yenye orodha ya farasi na rekodi zao. Maduka mengi ya mjini hukubandikia majina na odi (namba ya kuzidishia dau lako farasi akishinda), basi. Hapa kadi za Uingereza na Ayalandi hutolewa asubuhi, karatasi moja kwa kila uwanja, bure, na mbio za viunzi (za kuruka vizuizi) zimetengwa na zile za tambarare. Kwa anayejua kuisoma, karatasi hiyo inaushinda mbali ule ubao wa "farasi wa uhakika" uliotundikwa juu ya dirisha la kashia, ambao hautoi sababu hata moja.

Chukua mstari wa matokeo ya farasi kama huu: 21/P-3F2. Nambari ni nafasi aliyomalizia kwenye kila mbio. Matokeo ya karibuni ni yale ya mwisho kulia. Kistari (-) kinatenga msimu na msimu. Mkwaju (/) unaonyesha umerudi nyuma zaidi ya hapo. P ni farasi aliyesimamishwa na joki (mpandaji) kabla ya kumaliza, F ameanguka, U amemwangusha joki wake, B ameangushwa na mwenzake. Wengi wakiona F wanamfuta farasi papo hapo. Lakini aliyeanguka kiunzi cha mwisho huku anaongoza si sawa na aliyejikwaa kiunzi cha pili kwa kutojua kuruka, na mwenye B huenda hana kosa lolote. Kadi hii haisemi ameangukia wapi, kwa hiyo toa simu usome maelezo ya mbio zile kabla ya kulipa. P mbili mfululizo zinatisha kuliko F moja: mara nyingi ni pumzi, ni mguu, au farasi amechoka na kazi yenyewe.

Hali ya uwanja imeandikwa juu kabisa, ila ni ya asubuhi. Viunzi hunoga kuanzia Novemba hadi Machi, na mvua ya kule inaweza kugeuza uwanja laini ukawa tope kabla ya mbio za tatu. Hata mbio fupi za viunzi ni kama maili mbili, kwa kawaida viunzi vinane. Kwenye tope, kasi ya farasi aliyetoka mbio za tambarare huishia kiunzi cha sita. Usihesabu ushindi wake bila kuangalia alishinda kwenye udongo gani. Uwanja nao una tabia yake: Cheltenham huzungukwa kwa kushoto na humalizia mlimani, Kempton huzungukwa kwa kulia na ni bapa. Herufi C pembeni ya jina ina maana farasi ameshawahi kushinda hapo hapo; Cheltenham herufi hiyo ina uzito wake.

Tukizungumzia uzito, 11-7 si desimali. Ni stoni 11 na ratili 7, na stoni moja ni ratili 14, yaani ratili 161, kama kilo 73. Nambari ndogo kando ya jina la joki (7, 5 au 3) ni ratili anazopunguziwa joki mwanagenzi. Kwa makadirio ya wapangaji wa handikapu (wanaowagawia farasi uzito wa kubeba), ratili moja ni kama urefu wa farasi mmoja, kwa hiyo ratili 7 si mchezo, mradi kijana mwenyewe anajua kumpeleka farasi kwenye kiunzi.

Pesa za watu hupotelea zaidi kwenye dau la kushinda-na-nafasi, yaani nusu ni ya farasi kushinda na nusu ni ya kumaliza kati ya wale wa mbele. Ukisema mia, unalipa mia mbili: mia ya kushinda, mia ya nafasi. Farasi wanane na zaidi, kwa kawaida nafasi ni tatu kwa humusi (moja ya tano) ya faida ya odi. Farasi wako ana 5.00 na amekuwa wa tatu: faida ya odi ni 400, humusi yake 80, ukiongeza mia yako nafasi inakulipa 180. Umeshangilia, kumbe umepoteza ishirini! Akiwa na 11.00 unapata 300, hapo sawa. Halafu hesabu vichwa tena dakika za mwisho. Wanane wakibaki saba, nafasi zinakuwa mbili na wa tatu wako hana kitu. Kashia hatakukumbusha. Na kipenzi (farasi anayetarajiwa zaidi kushinda) wa 2.00 akijitoa baada ya wewe kubeti, faida yako inakatwa senti 45 kwa kila shilingi. Makato hayo ni kanuni ya kawaida, si wizi wa duka.

Odi zao za viunzi ni za wastani. Gawanya mia kwa kila odi, jumlisha. Mbio za farasi watano wenye 2.00, 4.00, 5.00, 8.00 na 10.00 zinafika 117.5, na hiyo 17.5 ni ya mwenye duka. Jumla ikipita 120 kwa farasi wachache hivyo, acha.

Kabla ya kutoka dirishani soma mkeka (tiketi yako ya beti): jina la uwanja na saa. Runinga zile zile huonyesha farasi wa kompyuta kati ya mbio na mbio, na mikeka inafanana. Hao hawana udongo wala historia, kadi haikusaidii. Saa zinachapishwa za Uingereza: saa saba na dakika ishirini mchana kule ni saa kumi na dakika ishirini hapa, lakini kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi tofauti ni saa mbili tu, na mashindano ya Aintree ya Aprili huwakuta wengi wamechelewa.

Viti ni sita na feni moja. Muuza kahawa na kashata hupita mlangoni alasiri. Jumamosi fika mapema: saa tisa na nusu mpira ukianza, runinga kubwa inachukuliwa na farasi wanahamishiwa ile ndogo ya kona, ambayo odi zake hazisomeki ukiwa umeketi.