Waya ya koaksia ya elfu 80 dhidi ya kipande cha waya ya dishi

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo hapa mezani nina waya tatu za kutoa sauti ya dijitali kwenye deki au king'amuzi na kuipeleka kwenye amplifaya, na hii ya kwanza naishika kwa adabu maana sio yangu, ni ya shemeji. Kainunua elfu 80. Pini zake rangi ya dhahabu, nje imesukwa nailoni, nzito hiyo, ukiiweka mezani inalala kama nyoka aliyeshiba. Shemeji anasema tangu aichomeke besi imenenepa, hadi wale waitikiaji wa nyuma anawasikia wakivuta pumzi, nikamwambia basi niazime wiki moja nami nizisikie hizo pumzi.

Ya pili hii ya njano, mnaijua nyote, ile ya seti nyekundu nyeupe njano iliyokuja na deki ya DVD, nimeichana pembeni nikabaki na njano peke yake. Ya tatu nimeitengeneza mwenyewe, kipande cha waya ya dishi, kama mita moja na nusu hivi, fundi alikiacha siku alipokuja kufunga king'amuzi, mimi nimenunua tu vile vichwa viwili vya kubadilisha, huku kinakaza kwa kuzungusha kama nati, huku kinatoka pini ya RCA, yaani pini kama ile ya njano. Nimemaliza.

Sasa tundu lenyewe ni lipi. Geuza amplifaya au deki au king'amuzi chako nyuma, utakuta tundu moja limekaa peke yake, mara nyingi la rangi ya chungwa, wengine wanaweka jeusi, limeandikwa COAXIAL au DIGITAL OUT. Umbo ni lile lile la RCA. Humo inapita sauti tu, picha haipiti, na hili nalirudia kwa sababu kila wiki kuna mtu ananiuliza mbona nimechomeka na tivii haionyeshi kitu. Haiwezi kuonyesha. Mfumo wake unaitwa S/PDIF, hiyo S ni Sony na P ni Philips, ndio walioutengeneza. Ana ndugu yake, lile tundu linalotoa mwanga mwekundu, hilo lilianza kwa Toshiba mwaka 1983, ni sauti ile ile ila inasafiri kwa mwanga ndani ya uzi wa plastiki. Na waya ya shemeji, ngojeni niwasogezee boksi lake kwenye kamera, mnaona hapo? Imeandikwa 4K. Waya ya sauti. 4K ni mambo ya picha, hapa ya nini jamani.

Kitu cha kuangalia kwenye hizi waya ni ohmu 75, yaani ule ukinzani ambao ishara inaukuta ndani ya waya. Basi. Kifaa kinachotuma kimetengenezwa kikiamini waya ina ohmu 75, kinachopokea nacho hivyo hivyo, ukiweka katikati waya ya kiwango kingine sehemu ya ishara inagonga mwisho inageuka kurudi ilikotoka, inakutana na nyingine inayokuja, fujo. Ila kwa mita moja mbili hiyo fujo ni ndogo sana, ndio maana unaweza kumkuta mtu kachomeka hata ile nyekundu au nyeupe ya sauti ya kawaida na bado mziki unapiga. Sasa siri ni hii, ile ya njano ilitengenezwa kupitisha picha, na picha nayo inataka ohmu 75. Kwa hiyo waya unayoitafuta Kariakoo kutwa nzima inawezekana iko chini ya kitanda kwenye mfuko wa rambo pamoja na rimoti zilizokufa.

Na ya dishi pia ni ohmu 75! Soma ubavuni pale kwenye plastiki, utaona imeandikwa RG6 au RG59 halafu 75 OHM. Ukikuta RG58 iache, hiyo ni ohmu 50, ya redio za mawasiliano, na kwa macho inafanana kabisa na RG59, muuzaji mwenyewe anaweza asijue. Tena fikiria kazi ambayo hii waya inafanya huko juu ya bati, inashusha mawimbi ya megahezi 950 mpaka 2150 kutoka kwenye LNB, kile kichwa kinachokaa mbele ya dishi. Sauti ya tivii yako, ile ya sampuli 48,000 kwa sekunde, inahitaji kama biti milioni 3 kwa sekunde. Ni sawa na kumchukua mbeba mizigo wa bandarini ukampa abebe kikombe cha chai.

Haya, jaribio. Mimi nimekaa kwenye kochi nimefumba macho, binti yangu yuko nyuma ya rafu anabadilisha waya, anaandika kwenye daftari, mimi nataja ni ya shemeji au ya dishi. Mara 10. Nilipatia 4. Yaani ningerusha shilingi huenda ningefanya vizuri zaidi, na binti akaniambia baba mara mbili sikubadilisha kitu na wewe ulisema besi imeongezeka. Nikakaa kimya.

Najua kuna mtu ataandika hapo chini kwamba masikio yangu mabovu, sawa, achana na masikio yangu. Weka filamu yenye sauti ya Dolby Digital, hiyo inapita kwenye waya ikiwa imebanwa, amplifaya ndio inaifungua. Biti zikiharibika njiani amplifaya inashindwa kuifungua na sauti inakatika, ile taa ya Dolby inazima inawaka. Hapa nimeangalia filamu nzima ya saa mbili kwa waya ya dishi na taa haijacheza hata mara moja. Waya mbovu ya dijitali haikupi besi nyembamba, inakupa tak tak tak, au kimya. Niliwahi kupata hiyo tak tak kwa ile ya njano, kumbe mguu wa kochi ulikuwa umeikalia.

Ngoja sasa niseme kinachowasumbua watu kweli kweli, na wengi wanakimbilia kununua waya nyingine wakati waya haina kosa. Umenunua kile kiboksi kidogo cha kugeuza sauti ya dijitali kwenda nyekundu na nyeupe ili uunge sabufa yako ya zamani, umechomeka, kimya, au inatoa shiiiii kama mvua. Unarudi dukani mnagombana. Ingia kwenye setingi za tivii au king'amuzi, upande wa sauti, tafuta palipoandikwa Digital Audio, utakuta imewekwa Bitstream, yaani sauti itoke ikiwa imebanwa, au Auto au Dolby Digital. Weka PCM, yaani sauti isiyobanwa. Vile viboksi vya bei rahisi vingi vinaelewa PCM tu, ukivitumia Dolby iliyobanwa ni kama kumsomea mtu gazeti la Kichina. Ukiwa na amplifaya yenyewe inayofungua Dolby basi kinyume chake, weka Bitstream, la sivyo hizo spika tano zako utapata mbili tu, zile nyingine zinakaa kama mapambo. Na usichomeke tundu la koaksia moja kwa moja kwenye tundu nyekundu au nyeupe la sabufa eti kwa sababu pini inaingia. Inaingia ndio, lakini hakuna mziki utakaotoka.

Halafu kuna wale wa Atmos, ile sauti ya sinema inayokuzunguka hadi juu ya kichwa. Ile ya kwenye diski za Blu-ray, yenye TrueHD, na DTS-HD Master pia, hazitoshi kwenye hili tundu kwa waya yoyote ile, hata uinunue kwa milioni. Hizo zinapita HDMI, ile waya bapa ya picha na sauti pamoja. Koaksia mwisho wake ni sauti ya pande mbili isiyobanwa au 5.1 iliyobanwa, yaani spika tano na sabufa, na kwa sebule nyingi ninazozijua mimi hiyo inatosha sana.

Nisiwe mwonevu, ya dishi ina kasoro zake. Ni ngumu, haikunji, na hivi vichwa vinaning'inia nyuma ya amplifaya vinavuta tundu, siku ukisogeza rafu unaweza kulilegeza. Kama una nafasi finyu nyuma ya rafu tafuta RG59 ni laini kidogo, au rudi kwa njano. Hii ya shemeji kwa pini naipa sifa, inabana vizuri, lakini sasa inabana mno, kuitoa nilishika amplifaya kwa mguu.

Na kwa kuwa nimeshataja waya ya dishi, kidogo tu hapa. Beba sumaku ukienda dukani. Ukigusisha kwenye uzi wa katikati ikanasa, huo ni chuma kilichopakwa shaba. Kwa kazi yetu ya sauti haina shida, ishara za kasi zinapita kwenye ngozi ya uzi na ngozi ni shaba. Ila kwa dishi lililo mbali, tuseme waya inazunguka nyumba nzima, king'amuzi kinapeleka umeme wa volti 13 au 18 kwa LNB kupitia uzi huo huo, na umeme huo unapita uzi mzima sio ngozi tu, chuma kinaula njiani, 18 inafika imechoka LNB inadhani ni 13, nusu ya chaneli zinapotea na fundi anakwambia dishi limesogea. Halijasogea.

Mngurumo je? Ukiunga koaksia na spika zikaanza kunguruma mmmmm muda wote, hapo ndio ule mwanga mwekundu unashinda, plastiki haipitishi umeme, kwa hiyo ule umeme unaozunguka kati ya vifaa unakatika. Usikate pini ya ethi kwenye plagi kama wanavyowashauri huko, ni hatari, badilisha waya tu. Ila uzi wa plastiki usiukunje kona kali.

Kwa hiyo mimi nimebaki na njano, ya dishi naiweka akiba. Shemeji kanipigia jana anaulizia waya yake, vipi, umesikia? Nimemwambia inasikika safi kabisa, na sijamdanganya. Video hii sijui kama ataiona, mkimjua msimtumie.