Human Mortality Database: inawanasa wakazi hewa, ila wazee tu

Hifadhidata hii ya bure ya takwimu za vifo na idadi ya watu ilianzishwa na Taasisi ya Max Planck iliyoko Rostock, Ujerumani, pamoja na Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Ipo tangu 2002, ina nchi kama 40, na inabidi kujisajili. Tunaipa nyota nne kati ya tano. Ya tano imekwenda na wahamiaji.

Anayehama bila kufuta jina kwenye rejista ya wakazi huendelea kuhesabiwa mkazi, na akifia ughaibuni taarifa ya kifo kwa kawaida hairudi. Ni mkazi hewa: yumo katika idadi ya watu, katika vifo hayumo kabisa. Kiwango cha vifo kinashuka na umri wa kuishi unapanda bure. Uzeeni ndiko mambo huharibika. Chukua watu 1,000 wa miaka 80, kati yao 50 ni hewa. Wakifika 90, tuseme wa kweli wamebaki 300, lakini hewa ni wale wale 50, maana hawafi. Vifo 45 mwaka huo ni asilimia 15. Rejista itakuambia 12.9.

Hapo hifadhidata hii inafanya kazi nzuri. Kuanzia miaka 80, kwa sehemu kubwa haiiamini rejista: kwa rika lililokwisha (wote wameshakufa), inajumlisha vifo kurudi nyuma, na jumla hiyo ndiyo idadi ya waliokuwa hai. Mkazi hewa hana kifo, basi hatokei. (Aliyeishi hapo mpaka 85 ndipo akarudi kwao kufa hufutwa naye, hata miaka aliyokuwepo. Si wengi.)

Chini ya 80 inategemea makadirio ya serikali na sensa, na hata wenye rejista nzuri huteleza. Sensa ya Ujerumani ya 9 Mei 2011 iliwapunguza wakazi kwa takriban milioni 1.5, wengi wao wageni. Lithuania ni mtego mwingine: walioripoti kuhama waliruka kutoka kama 22,000 mwaka 2009 hadi zaidi ya 83,000 mwaka 2010. Wengi walikwishaondoka zamani. Kilichowasukuma kuripoti ni mchango wa lazima wa bima ya afya, uliomdai hata aliyehama bila kufuta jina kwenye rejista.

Kwa hiyo, kabla ya kupakua chochote, soma maelezo ya nchi husika uone idadi ya watu ilitoka wapi. Kisha chora grafu ya idadi ya watu wa miaka 25 hadi 39, mwaka kwa mwaka. Mstari ukiporomoka ghafla mwaka wa sensa, viwango vya miaka iliyotangulia vitilie shaka.

Mafaili yana vituko vyake. Ruka mistari miwili ya juu. "110+" huifanya safu yote ya umri isomwe kama maandishi, nukta peke yake ni data inayokosekana, na mwaka wenye alama ya + au - katika faili la Population unaonyesha mipaka ya nchi ilibadilika. Ukikokotoa viwango, gawanya vifo kwa Exposures (jumla ya muda ambao watu waliishi mwaka huo), si Population.

Tanzania na Kenya usizitafute. Hakuna nchi hata moja ya Afrika, kwa kuwa sharti ni usajili wa vifo unaokaribia kukamilika. Kwa huku kwetu kuna makadirio ya Umoja wa Mataifa, World Population Prospects, ambayo kwa sehemu kubwa ni modeli zinazotokana na sensa na tafiti za kaya. Usiyachore kwenye grafu moja na haya bila kumwambia msomaji.