Begi la turubai la Kariakoo: nimelipandisha hadi Lushoto

Safari ndefu ya baiskeli bila gari la kukufuata ina kanuni moja: unajibebea vitu vyako, na kikiharibika kitu unategemea mikono yako au fundi ambaye mtu yeyote angeweza kumwendea. Hata Transcontinental Race ya Ulaya, iliyoanzishwa na Mike Hall mwaka 2013, inaendeshwa hivyo. Ndicho kipimo nilichotumia kwa hili begi la chini ya siti, lililoshonwa Kariakoo kwa turubai la lori. Bei shilingi 45,000.

Nilipita Bagamoyo na Msata kukwepa malori ya Chalinze, kisha Segera, Korogwe, Mombo. Ni zaidi ya kilomita 300, na vumbi halikuingia. Mdomo hauna zipu. Unaukunja mara tatu, unaubana kwa klipu.

Mombo uzi wa mkanda unaoshika nguzo ya siti ukaanza kuachia. Nikalipeleka kwa fundi viatu. Akaligeuza begi, akabonyeza kwa dole gumba, akacheka: "Turubai tu hili, kaka. Kaa hapo." Akapitisha uzi wa nailoni mara mbili, kila tundu akilivuta hadi uzi unalia. Shilingi 1,000. Mabegi mengi ya bei mbaya kutoka nje yamegandishwa kwa joto. Ukiyatoboa kwa sindano, maji yamepata njia. Kwangu hapo ndipo la Kariakoo linaposhinda, ingawa lina uzito wa karibu kilo nzima.

Mlima sasa. Mombo hadi Lushoto kupitia Soni ni kama kilomita 33, unapanda karibu mita 1,000. Ukisimama juu ya pedeli, begi linayumba kama mkia wa kondoo. Spana na tyubu zikikaa ndani kabisa karibu na nguzo, nguo zikaja mdomoni, linatulia kiasi, ila halikomi. Na mvua ya Usambara inapenya kwenye mishono, kwa hiyo ndani naweka ile nailoni ya mfuko wa mbolea (iliyooshwa, jamani).

Fundi wa Kariakoo aliyelishona amekubali kuongeza kipande cha dumu chini ili begi likakamae. Ukimtafuta, epuka Jumamosi: bodaboda wanajaa pale kushonesha kava za siti.