AEB ya Canon 700D (kamera inapiga tatu mfululizo: ya kawaida, ya giza na ya mwanga), nimeitumia kazi nzima ndani ya nyumba ya mawe hapa Amu, yaani Lamu

Kama ushawahi kupiga picha ndani ya nyumba ya mawe hapa Lamu unaijua shida yenyewe. Kiwandani, yaani ule ua wa ndani ulio wazi juu, jua la saa sita linawaka mpaka macho yanauma, hatua chache ndani kwenye misana, vile vyumba virefu vyembamba, ni kivuli cha baridi, na ule ukuta wa zidaka, vishubaka vya plasta vya kuwekea vyombo, kule ndani ndio kila mtu anataka kuuona. Ukipimia mwanga wa zidaka kiwanda chote kinaungua kinakuwa cheupe pe, ukipimia kiwanda zidaka zinamezwa na giza. Miaka nilikuwa natumia fleshi na kusema kweli fleshi inaiua plasta ya chokaa, nakshi zote zinalala kama zimechorwa kwenye karatasi.

Juzi nimepata kazi ya nyumba moja ya wageni nyuma ya Ngome nikasema leo ni AEB mwanzo mwisho. Kamera ni Canon EOS 700D, toleo la 2013, nilinunua mtumba. Unaingia kwenye menyu pale pa kurekebisha eksposha (kiasi cha mwanga), unazungusha gurudumu, kale kamstari kanagawanyika vinakuwa vitatu, mwisho wake stopu 2 chini na 2 juu (kila stopu ni mwanga mara mbili, au nusu yake). Niliweka modi ya Av, f/8, ISO 100, ya kawaida ikatoka robo sekunde, ya giza 1/15, ya mwanga sekunde nzima. Av ni muhimu jamani, apecha (tundu la lenzi, ile f/8) haiguswi, inayobadilika ni spidi peke yake, kwa hiyo kina cha fokasi kinabaki vile vile picha zote tatu. Kamera juu ya traipodi, taima ya sekunde 2, unabonyeza mara moja inazipiga zote tatu yenyewe, wewe mkono uko mbali.

Mama mwenye nyumba alikuwa amekaa anasikiliza ile ka-ka-ka, akaniuliza, "Mbona tatu tatu mwanangu, za kwanza zaharibika?" Nikamwambia la mama, moja ya jua, moja ya kivuli, moja ya kati, halafu nitaziunga ziwe picha moja. Nikamwonyesha ile ya mwanga kwenye skrini, nikaivuta karibu, alama za kisu cha fundi kwenye plasta zinaonekana moja moja, na ndani ya kidaka kimoja bakuli la kaure lenye ufa mwembamba kama unywele. Alinyamaza, kisha akasema bakuli hilo ni la bibi yake.

Plasta nyeupe inaidanganya kamera, inadhani mwanga umezidi inaushusha, kwa hiyo mimi nasogeza vile vimistari vyote vitatu juu stopu 1 kabla sijaanza. Boriti za dari nazo zikatoka vizuri, unazihesabu.

Lakini usiipeleke kwa kitu kinachotembea. Nilijaribu kichochoroni, punda akapita, nikiunga kwenye laptopu ametoka kama moshi, na mashua yenye tanga ni hivyo hivyo, huko piga moja tu ya RAW (faili ghafi la kamera) inatosha. Na ukizima kamera AEB inafutika, ukifungua fleshi pia inafutika, mimi nilizima kuokoa betri nikapanda juu darini nikapiga pembe nne nzima nikidhani iko, nikarudi kuzirudia jua limeshageuka. Sasa siizimi, naiacha ilale yenyewe. Nafasi pia angalia, tatu za RAW ni kama MB 70 kwa pembe moja tu.

Kwa nyumba zetu hizi naipa tisa kwa kumi bila kusita, hiyo moja nimeikata kwa sababu inaishia picha tatu, na mchana mkali ningetaka tano. Mama amechukua picha zote, ile ya zidaka ameituma usiku ule ule kwa bintiye Mombasa, akampigia simu kumuuliza kama bakuli ameliona.