Raspberry Pi 4 kwenye Toyota IST yangu, huu mwezi wa saba tangu niifunge

Wakuu, wenye IST na Vitz za Japani mnaijua hii shida. Redio inayokuja na gari inaongea Kijapani, na FM yake inaishia 90 wakati huku kwetu zinaenda mpaka 108, kwahiyo unazunguka Dar nzima na stesheni mbili tatu tu. Wengi wanaenda Kariakoo wananunua redio ya Android yamekwisha. Mimi nikasema natengeneza kompyuta yangu mwenyewe naifunga kwenye dashibodi, na ni mwezi wa saba sasa inapiga kazi kila siku Kimara mpaka Posta na kurudi.

Ubongo wenyewe ni Raspberry Pi 4, kale kakompyuta kadogo ka bodi moja, ya ramu 4GB, kioo cha kugusa cha inchi 7, GPS ya USB, na kijiti cha RTL-SDR ambacho ndicho kinakamata redio, kinaanzia kama megahezi 24 kinapanda mpaka 1700 huko, FM yote imo ndani. Ramani nimeshusha za OpenStreetMap, zile za bure zinazochorwa na watu wenyewe, zimekaa kwenye kadi, bando haliguswi kabisa, na ramani ya Dar imeenda shule aisee, vichochoro vya Tandale vimo, vijana wa Ramani Huria walianza 2015 kupita mtaa kwa mtaa wakiandika mpaka mitaro. Ila Jangwani ikifungwa kwa mvua yenyewe haijui, hapo uliza bodaboda.

Sasa umeme, na hapa ndipo nilipoumia. Nilianza na chaja ya kuchomeka kwenye tundu la sigara, imeandikwa ampea 3, lakini kila nikiwasha gari mashine inazima inaanza upya. Pi inataka volti 5 zilizosimama, zikishuka chini ya 4.63 inakuonyesha alama ya radi kwenye kona ya kioo, na mimi ile radi nilikuwa naiona asubuhi na jioni. Nikapima betri wakati starta inazunguka, kutoka 12 inaporomoka mpaka 9 na kitu, halafu injini ikishika altaneta inapandisha 14. Wiki mbili tu memori kadi ikafa, niko foleni Ubungo, kioo cheusi na maandishi meupe.

Nikampelekea fundi mmoja, akazisokota waya kwa mkono akazungushia tepu, fyuzi hakuna. Kufika Mwenge nasikia harufu ya plastiki, kupapasa chini ya usukani waya umelainika kama mshumaa. Nilitetemeka jamani, tanki lilikuwa limejaa.

Wa pili ndio namsifia, mzee mmoja wa Gerezani. Aliangalia ile kazi akanyamaza, halafu akaniambia, "Mwanangu, fyuzi inakaa jirani na betri, sio jirani na kioo." Akavuta waya mpya, kila kiungo akalehemu na kukivisha kimpira, akaweka kishusha volti cha ampea 5. Spika zilikuwa zinalia kama mbu, ukikanyaga mafuta mbu naye anapandisha sauti, kumbe amplifaya na kompyuta kila mmoja ana athi yake, yaani waya wa hasi unaofungwa kwenye bati la gari. Mzee akasugua rangi kwa msasa mpaka bati likang'aa, akazifunga athi zote kwenye bolti moja, mbu kimya mpaka leo. Ufundi wake nilimlipa elfu sitini na sikuomba punguzo.

Kuzima pia kuna utaratibu, usiikatie umeme ghafla ndio inaua kadi. Ya kwangu ukitoa ufunguo inapata taarifa, inajifunga yenyewe taratibu, baada ya dakika moja rilei, ile swichi inayoendeshwa na umeme, inakata kila kitu ili betri isinyonywe. Angalieni sana, zile pini za Pi mwisho volti 3.3, ukigusisha waya wa gari wa 12 umeua bodi, ya kwangu ile taarifa ya ufunguo inapitia kwenye rilei kwanza.

Joto nalo. Mwanzo niliiweka juu ya dashibodi, gari likishinda juani Posta vioo vimefungwa, ikifika nyuzi 80 inajipunguza kasi yenyewe, ramani inakwama kwama. Nimeihamishia nyuma ya droo ya abiria na feni ndogo, inacheza 60 na kidogo. Kioo mchana jua likipiga usoni huoni vizuri, hilo sijalipatia dawa.

Kama unataka kujenga ya kwako, hela ya kwanza weka kwenye kishusha volti, waya nene na fundi anayelehemu, kioo kinunue mwishoni hata cha mtumba. Mimi mwezi ujao naongeza kamera ya nyuma, na mzee wa Gerezani ameshaniambia nije Jumapili asubuhi kabla jua halijachachamaa.