Elimu ya afya kliniki na shuleni Dodoma: kipi kinamfaa mama, kipi ni maneno tu

Elimu ya afya kwa wajawazito na wanafunzi mkoani Dodoma hutolewa bure, na kwa kuwa ni bure watu huona haya kuikosoa. Hapa tunaipima kama huduma nyingine yoyote: mama aliyetoka kitongojini kwa miguu anarudi na jambo gani la kufanya jioni ile ile? Kwa kipimo hicho, kliniki tunazipa sita kwa kumi, shule saba.

Kliniki ratiba ni ile ile karibu kila mahali. Somo la pamoja asubuhi kabla ya vipimo, akina mama kwenye mabenchi, muuguzi na bango kitita. Wanaoishi jirani na kituo husikia yote. Wanaotoka Bahi ndani ndani, au vijiji vya Chamwino ambako usafiri ni wa kubahatisha, hufika somo limekwisha, na hao ndio waliolihitaji zaidi. Kituo kinachorudia somo fupi la dakika kumi kwenye saa nne hivi kimemaliza tatizo hilo bila kutoa hata shilingi.

Tatizo kubwa zaidi ni kusifia dawa bila kufundisha namna ya kuimeza. Chukua FEFO, vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki. Kila mjamzito anapewa, kila mmoja anaambiwa inaongeza damu, halafu nusu ya vidonge inabaki kwenye karatasi yake. Mama ameona choo cheusi akadhani anaumwa, au kimemtibua, au tumbo limefunga, basi ameacha kimya kimya na kliniki anasema anameza. Mwezeshaji anayejua kazi huyataja haya kabla hayajatokea. Choo cheusi si ugonjwa, ni madini ya chuma ambayo mwili haukuyachukua. Kidonge ni kimoja kwa siku; kikikutibua asubuhi, kimeze usiku baada ya kula. Kunywa maji ya kutosha. Usikimeze na chai, maana chai huzuia chuma kisiingie mwilini; acha saa moja au mbili zipite. Maji ya ubuyu yasiyojazwa sukari husaidia, kwa ile vitamini C yake, na ubuyu Dodoma haujawahi kuwa wa kutafuta.

SP, dawa ya kumkinga mjamzito na malaria, inaelezwa vizuri zaidi: vidonge vitatu kwa mkupuo, mbele ya muuguzi, baada ya miezi mitatu ya mwanzo, na kati ya dozi na dozi zisipungue wiki nne. Kinachoachwa ni kwamba anayemeza Septrin kila siku, kama baadhi ya wanaoishi na VVU, hapaswi kupewa SP. Kulisema kwenye benchi bila kumfichua mtu inawezekana kabisa: "Mwenye dawa yoyote anayomeza kila siku, anong'oneze chumbani." Sentensi moja tu.

Dalili za hatari akina mama wanazijua kwa moyo. Kutokwa damu, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, degedege, homa kali, mtoto kupunguza kucheza, chupa kupasuka kabla ya uchungu. Lakini ukiwauliza saa nane usiku wanampigia nani, benchi zima linanyamaza. Jibu ni 115, namba ya bure ya m-mama inayopanga usafiri wa dharura kwa mjamzito, aliyejifungua na kichanga. Somo lisiishe kabla namba hiyo haijaingizwa kwenye simu, na ikiwezekana kwenye simu ya mume na ya jirani pia, kwa sababu simu ya mama mara nyingi haina chaji.

Kwenye lishe ndipo tulipokata alama nyingi. Picha za bango kitita zina samaki wabichi na matufaha. Mama wa Mpwapwa ana uwele, mtama, kunde, karanga, mlenda na pengine kuku wawili. Somo lianzie hapo. Karanga zilizotwangwa kwenye mlenda ni protini ambayo tayari iko ndani. Magadi yapunguzwe, kwa kuwa yanaua vitamini za mboga na yana chumvi nyingi kwa mwenye presha. Kisha sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka na karanga. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi, na bado kuna kliniki ambako haitajwi hata siku moja. Mambo ya kufundisha ni machache. Mahindi na karanga vianikwe juu ya turubai, si chini kwenye udongo. Punje zenye ukungu, zilizosinyaa au zilizobadilika rangi zitolewe. Ghala liwe kavu, magunia yakae juu ya mbao. Kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo, na punje mbovu kumsagia mtoto uji ndio ubaya wenyewe.

Shuleni mambo ni bora kwa sababu mikono inafanya kazi. Kibuyu chirizi, dumu la kunawia linaloinamishwa kwa mguu, ndicho kipimo chetu cha haraka. Dumu la lita tano, tundu moja la msumari wa moto chini kidogo ya shingo, kamba mfunikoni hadi kijiti cha kukanyagia, sabuni iliyotobolewa ikaning'inia pembeni. Kinatumia maji kidogo mno, jambo lisilo dogo kwa shule inayonunua maji kwa dumu. Wanaokuja kuzindua hupiga picha na kuondoka; ndani ya muhula mmoja mchwa wamekula nguzo, kamba imekatwa na jua, sabuni imepotea. Programu nzuri hupaka miguu ya nguzo oili chafu, hutumia kamba ya nailoni, humwaga kokoto chini pasiwe tope, na huacha zamu ya kujaza maji mikononi mwa wanafunzi na mwalimu wa afya. Kongwa, ambako trakoma, ugonjwa wa macho unaopofusha, imechunguzwa tangu miaka ya 1980, uso wa mtoto ulio safi ni sehemu ya tiba, kwa hiyo wanafunzi wafundishwe kunawa uso, si viganja peke yake.

Siku ya dawa za kichocho na minyoo ndiyo inayoharibu sifa za programu nyingi. Vidonge vya kichocho hupimwa kwa urefu wa mtoto, na lazima awe amekula. Shule isiyo na uji ikigawa dawa saa tatu, watoto wanapata kizunguzungu, wanatapika, wazazi wanakuja mbio. Morogoro mwaka 2008 taharuki ya namna hii iliishia kwenye vurugu. Uji kwanza, dawa baadaye, na mkutano wa wazazi wiki moja kabla. Mkutano huo huo utumike kwa chanjo ya HPV, ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, ambayo tangu 2024 ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, kwa sababu uvumi wa ugumba hauishi kwa tangazo la mstarini.

Kuna mada inayorukwa na wengi kwa kuogopa wazee: ukeketaji. Takwimu za kitaifa za 2015/16 ziliiweka Dodoma nafasi ya pili, nyuma ya Manyara pekee. Programu inayozungumzia uzazi salama mkoani hapa bila kugusa kovu linaloweza kuchanika wakati wa kujifungua tunaipunguzia alama mbili nzima.

Mwalimu mkuu au mwenyekiti wa kijiji anayeletewa programu mpya aulize mambo matatu kabla ya kusaini: nani atarudi baada ya miezi mitatu, mwezeshaji anajua Kigogo au Kirangi kiasi gani, na bajeti ya sabuni iko wapi. Wakianza kuzungumzia fulana na mabango, waombe kwanza waonyeshe bajeti ya sabuni.