Uzoefu wangu na pleilisti ya "wasanii wa wimbo mmoja": utamu upo, heshima ndo imepungua

Hii pleilisti nimekaa nayo muda mrefu sasa, ipo kwenye apu ya muziki ninayolipia kila mwezi, jina la apu naliacha pembeni maana nina mazuri na mabaya ya kusema. Kwa ambaye hajakutana nayo, ni mkusanyiko mreeefu wa nyimbo za pop na rock za wale waliovuma na kibao kimoja, dunia nzima ikaimba, halafu hawakusikika tena, angalau ndivyo maelezo ya pale juu yanavyosema, na hapo kwenye "hawakusikika tena" ndo nina ugomvi napo, nitafika.

Kwanza niipe haki yake. Aliyepanga zile nyimbo ana sikio. Inafunguka na "Spirit in the Sky" ya Norman Greenbaum, lile gitaa lenye mkwaruzo mzito linaingia kabla mtu hajafungua mdomo, inakuja "Kung Fu Fighting" ya Carl Douglas, ukisogea mbele unakutana na "Come On Eileen" ya Dexys Midnight Runners, nyimbo zinapokezana vizuri mno, hakuna mahali unahisi umekurupushwa. Ubora wa sauti uko safi, kupakua hakusumbui, hapo sina neno.

Na kila wimbo mle una mkasa wake. Huyo Greenbaum ni Myahudi kwa kuzaliwa na kulelewa, akamwona Porter Wagoner, mwimbaji wa country, kwenye TV anaimba gospel, akasema hata mimi naweza, akakaa akaandika wimbo unaomtaja Yesu. Mwaka 1970 ukafika namba 3 Marekani na namba 1 Uingereza, halafu pale Uingereza ukarudi namba 1 tena kwa midomo ya wengine, Doctor and the Medics mwaka 1986 na Gareth Gates 2003. Carl Douglas naye, Mjamaika aliyekuwa anafanya kazi na prodyuza Biddu mzaliwa wa India, "Kung Fu Fighting" ilitakiwa iwe wimbo wa upande wa pili wa sahani tu, wakairekodi chapchap mwishoni mwa muda wao wa studio, na mwaka 1974 ikakalia namba 1 Uingereza na Marekani.

Sasa haya mabaya.

"Don't Worry, Be Happy" imebandikwa picha ya Bob Marley. Jamani. Najua huu uvumi umezunguka miaka na miaka, lakini apu ya kulipia? Marley alifariki Mei 1981, wimbo umetoka 1988 na ni wa Bobby McFerrin, na kinachoniuma ni kwamba ukimnyima McFerrin jina lake umemnyima na kazi yenyewe, kwa sababu ule wimbo ni mwili wake. Vaa hedifoni uusikilize taratibu. Hakuna chombo hata kimoja mle ndani. Besi ni mdomo wake, mluzi ni wake, zile sauti zinazoitikia nyuma zote ni yeye, amejirekodi kisha akajirekodi tena juu yake mwenyewe mpaka ikawa bendi nzima ya mtu mmoja, na ukitega sikio vizuri utasikia namna anavyobadilisha sauti kutoka huyu wa chini anayetembea kwenye besi mpaka yule wa juu anayechezacheza. Ulikuwa wimbo wa kwanza wa sauti tupu bila ala kushika namba 1 kwenye Hot 100, chati kuu ya Marekani, ukambebea Grammy ya wimbo wa mwaka na ya rekodi ya mwaka. Niliwaandikia huduma kwa wateja, picha wakaiondoa, nashukuru, ila jina la Marley bado linajitokeza ukitafuta kupitia boksi la kutafutia.

Kero nyingine ni nyimbo zilizorekodiwa upya. Hii wengi hawaijui kwa hiyo ngoja niieleze. Rekodi ya asili mara nyingi ni mali ya kampuni iliyomsaini msanii, yeye anapata kidogo, mkataba ukishamruhusu anarudi studio miaka mingi baadaye anaurekodi wimbo ule ule ili awe na rekodi yake mwenyewe. Mimi sina tatizo na msanii kujitafutia haki yake, hata kidogo. Tatizo ni apu inakuwekea hiyo mpya, inakuonyesha kava la zamani na mwaka wa zamani, haikwambii kitu. Unasikiliza unahisi kuna kitu hakiko sawa, ngoma zimenyooka mno, sauti imezeeka, ile pumzi ya chumba cha studio ya zamani haipo. Namna ya kukamata ni rahisi, bonyeza taarifa za wimbo uangalie mwaka wa haki miliki na jina la kampuni, ukiona wimbo wa miaka ya 1970 haki miliki yake ni ya miaka ya 2000 na kitu na kampuni huijui, basi shuku, kisha linganisha urefu wake na ule ulioko kwenye albamu ya asili. Nimekuta kadhaa za hivyo. Nilitegemea waandike tu neno moja, "imerekodiwa upya", ingetosha.

Turudi kwenye ule ugomvi wangu mkubwa. Hivi nani anaamua kwamba mtu ana wimbo mmoja? Ukichunguza pleilisti utaona kipimo chao ni chati ya Marekani, basi. Dexys walishashika namba 1 Uingereza na "Geno" mwaka 1980, miaka miwili kabla ya "Come On Eileen". Nena wa "99 Luftballons" kwao Ujerumani ni staa wa miaka yote, ana vibao vya kutosha kujaza pleilisti yake mwenyewe, ila kwa kuwa Marekani walimjua kwa huo mmoja uliofika namba 2 mwaka 1984, tena ukiwa kwa Kijerumani, basi kesi imefungwa. Na humo humo wamemchomeka Hugh Masekela! Eti kwa sababu "Grazing in the Grass" ilishika namba 1 kule mwaka 1968 na hakurudi tena juu. Masekela! Mtu aliyepuliza tarumbeta miongo na miongo baada ya hapo, mwenye "Stimela", mwenye "Bring Him Back Home". Manu Dibango yumo na "Soul Makossa", wimbo uliokuwa nyuma ya sahani ya Kombe la Afrika la 1972 lililochezwa Kamerun, ma-DJ wa New York wakaupenda wenyewe bila kusukumwa na mtu, 1973 ukapanda mpaka namba 35, na Michael Jackson akaja kuchota kiitikio chake kwenye albamu yake ya 1982. Mory Kanté wa Guinea yumo na "Yéké Yéké", singo ya Kiafrika iliyouza zaidi ya nakala milioni moja, mtu aliyekwishapita Rail Band ya Bamako alikokuwa Salif Keita kabla Ulaya haijajua kora, kile chombo cha nyuzi cha Afrika Magharibi, ni nini.

Kama hesabu ni hiyo basi wamwingize na Jimi Hendrix, kwa sababu Marekani alipata wimbo mmoja tu kwenye 40 bora, "All Along the Watchtower", namba 20 mwaka 1968, na wenyewe aliutunga Bob Dylan. Kwa nini hawamwingizi? Kwa sababu wanamjua. Yaani ambaye hawamjui ndo anaitwa wa wimbo mmoja, na mimi hiyo siikubali.

Na watunzi na waimbaji wa kwanza je? Kimya kabisa. "Tainted Love" wameandika Soft Cell 1981, sawa, ila Gloria Jones aliyeiimba miaka ya 1960 hatajwi popote. "Mambo No. 5" ya Lou Bega (Mjerumani ambaye baba yake ni Mganda, hili nalo wangeliandika lingewafurahisha wengi) imejengwa juu ya muziki wa Pérez Prado wa Kuba wa mwaka 1949. "Who Let the Dogs Out" kabla ya Baha Men ilikuwa ya Anslem Douglas wa Trinidad. Mstari mmoja tu chini ya wimbo ungemaliza haya yote.

Pamoja na hayo sijaifuta, na sitaifuta, kwa sababu kuna kitufe kimoja kimenipa raha ambayo sikuitarajia, ukibonyeza jina la msanii unapelekwa kwenye kazi zake zote hata zile alizofanya nyuma ya pazia. Nilibonyeza The Buggles, wale wa "Video Killed the Radio Star", video ya kwanza kuchezwa MTV ilipofunguliwa tarehe 1 Agosti 1981, nikajikuta kwa Trevor Horn prodyuza, "Relax" ya Frankie Goes to Hollywood, nyimbo za Seal, usiku mzima umeisha. Mwenzake Geoff Downes akaenda bendi ya Yes kisha bendi iitwayo Asia. Hao ndo watu wa wimbo mmoja? Thomas Dolby wa "She Blinded Me with Science" baadaye alianzisha kampuni ambayo programu yake ya sauti iliingia kwenye simu za Nokia, kwa hiyo kazi yake imelia mifukoni mwa watu wasiolijua hata jina lake. Chumbawamba wa "Tubthumping" walikuwa pamoja kuanzia 1982 mpaka 2012, miaka 30, na kabla ya umaarufu wote huo walishatoa albamu nzima ya nyimbo za zamani za waasi wa Uingereza, wanaimba kwa sauti tupu, nzuri ajabu.

Kwa anayetaka kuijaribu: zima ule mchanganyo wa kubahatisha (shuffle), isikilize kwa mpangilio wake, na kila unapopenda wimbo bonyeza jina kabla haujaisha. Anza na Mory Kanté, albamu inaitwa "Akwaba Beach", ya 1987, "Yéké Yéké" imo humo ila usiishie hapo, acha sahani iende mpaka mwisho. Kwa upande wa nyimbo naipa nyota nne, kwa maelezo yao naipa mbili, na siku watakapomtoa Masekela kwenye hiyo orodha nitakuja kurekebisha hapa.